Uloto wa mgonjwa mwenyewe dhidi ya saratani ya damu

Damu hutengenezwa ndani ya uloto, ule ute laini ulio katikati ya mifupa. Lukemia kali inapoingia, uloto hujaa chembe changa zisizokomaa wala kufanya kazi, na chembe nzima hukosa nafasi. Mgonjwa huishiwa damu, hushikwa na homa zisizokwisha, fizi humtoka damu.

Tibakemikali huweza kufagia chembe hizo hadi darubini isizione. Hata hivyo, kwa watu wazima wengi ugonjwa hurudi, kwani mabaki machache hujificha. Dozi ya kuyamaliza ingeua na uloto wote, na asiye na uloto hawezi kuishi. Ndipo madaktari wakaamua kuutoa kwanza na kuuhifadhi.

Kazi hiyo hufanywa ugonjwa ukiwa umetulia. Mgonjwa hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi, kisha sindano nene huchomwa mara nyingi kwenye mfupa wa nyonga hadi ipatikane kama lita moja ya uloto uliochanganyika na damu. Hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baada ya hapo ndipo mgonjwa hupewa dozi kubwa ya busulfan na cyclophosphamide, au cyclophosphamide na mionzi ya mwili mzima. Uloto huyeyushwa na kurudishwa kwa mshipa, kama anayeongezewa damu. Dawa iliyozikinga chembe na baridi hutoka kwa pumzi, chumba kizima kikanuka kitunguu saumu. Zinafuata wiki za hatari, kinga ikiwa karibu haipo kabisa. Siku hizi seli shina, yaani chembe zinazozaa damu, huvunwa zaidi kwenye damu ya mshipani, na mgonjwa hupata nafuu mapema.

Je, kinachorudishwa ni safi? Mwaka 1993 watafiti wa Memphis, Marekani, walieleza jinsi walivyoutia alama ya jeni uloto wa watoto wenye lukemia kabla ya kuwarudishia. Ugonjwa uliporudi, alama ile ilionekana ndani ya chembe za saratani, yaani baadhi yake zilitoka kwenye uloto uliorudishwa. Hospitali ya Johns Hopkins ilikuwa imeshaanza kuusafisha uloto kwa dawa miaka ya 1980. Lakini hata uloto safi una upungufu: kinga ya mtu mwingine huitambua lukemia kuwa ngeni na kuishambulia, kinga ya mwenyewe imeshaizoea.

Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa baada ya miaka 4, asilimia 55 ya waliopewa uloto wa ndugu walikuwa hai bila kurudiwa na ugonjwa, asilimia 48 ya waliorudishiwa uloto wao wenyewe, na asilimia 30 ya waliopewa tibakemikali kali pekee. Idadi ya waliobaki hai kwa jumla, hata hivyo, haikupishana sana. Kwa maoni yangu, njia hii ina heshima yake kwa asiye na mchangiaji anayelingana naye, mradi lukemia yake si ya aina sugu.

Hapa Tanzania, Muhimbili ilianza mwaka 2021 kuwarudishia uloto wao wagonjwa wa saratani nyingine ya damu, mayeloma. Kwa lukemia kali, upandikizaji huu haufanywi kabla ugonjwa haujatulizwa, na hautulizwi bila kugunduliwa. Ukiona homa isiyoisha, uchovu usioelezeka, au damu kwenye fizi, usirudie dawa za malaria bila kupimwa. Omba kipimo cha picha kamili ya damu.