Nuru na Mabati

Watoto, mabati yetu hapa Kabondo-Dianda ni chuma kilichopakwa zinki, madini yanayochimbwa Kipushi. Je, nuru yaweza kuiharibu zinki?

Mwaka 1888 Mjerumani Hallwachs alitia umeme hasi katika bamba safi la zinki, akaliangazia kwa nuru isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Umeme ule ukapotea! Mwaka 1905 Einstein alieleza sababu: nuru huzipiga elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, nazo huruka nje. Nuru nyekundu, hata ya taa kali, haiwezi.

Lakini bamba lilibaki zinki, gumu kama kwanza. Basi, mabati yakioza msilaumu nuru. Adui ni maji na hewa: zinki ikiisha, chuma huota kutu. Yapakeni rangi mapema.