Kabla ya Kuezua Bati

Wapendwa, anayekarabati nyumba ya zamani hukutana na gharama zilizojificha. Unaezua bati, kumbe kenchi zimeliwa na mchwa. Unabomoa lipu, kumbe bomba linavuja ukutani. Fedha zikiisha katikati, ada ya watoto huguswa, na mume na mke huanza kulaumiana.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, kinasimulia ukarabati wa Hekalu. Hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi, fedha zilipokewa lakini nyufa zilibaki. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa kifuniko cha sanduku. Fedha zikatengwa humo, zikahesabiwa na watu wawili, kisha wakalipwa maseremala na waashi.

Nasi tufanye hivyo. Fundi akague paa, mabomba na nyaya kabla ya mapatano. Mume na mke wahesabu pamoja, waandike kazi na bei, watenge akiba ya dharura, na ada isiguswe. Fundi alipwe kwa hatua, asipunjwe. Wasimamizi waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa Hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu.

Tumwombe Mungu uaminifu huo majumbani mwetu. Dominika njema.