Kabla ya Kutuma Mbele: Simu, Uvumi na Usalama wa Jirani

Sisi tulio seminarini hatukai na simu mkononi mwaka mzima. Muhula ukiisha tunarudi nyumbani na kukuta simu imekuwa redio ya familia: sauti zilizorekodiwa kwa Kisukuma, picha, video na matangazo. Na kwa kuwa tunahesabiwa kuwa wasomi wa nyumba, tunaletewa swali: "Mwanangu, hebu niangalizie hii. Ni ya kweli?" Mara nyingi anayeuliza ameshawatumia wengine. Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo liulizwe kabla ya kutuma.

Uvumi ulikuwapo kabla ya simu

Maganzo yetu ipo kwenye barabara ya kutoka Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Watu wanaingia na kutoka, wengine wakitokea machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita, na habari zinaingia pamoja nao.

Kanda yetu inajua gharama ya habari za uongo. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi kwa sababu tu ya macho mekundu, wakati macho hayo yameumizwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Watoto wao wakalazimika kuacha nyumba zao na kulelewa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini. Imani hizo zilienea kwa mdomo tu, kilabuni na sokoni. Hazikuhitaji intaneti.

Simu inaongeza nini?

Kwanza, idadi. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Neno lililohitaji wiki nzima kuzunguka kata sasa linafika kabla chai haijapoa.

Pili, simu inaficha chanzo. Mtu akikuambia jambo sokoni, unamwuliza amelisikia kwa nani. Ujumbe uliotumwa mbele hauonyeshi nani aliuandika kwanza.

Tatu, ujumbe hauzeeki. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Picha za siku ile bado zipo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu mmoja akizituma akidai ni za leo, familia zinaweza kukimbia gizani huku wazee na wagonjwa wakiachwa ndani.

Funzo kutoka India

Mwaka 2018 nchini India, ujumbe wa WhatsApp ulidai kwamba wezi wa watoto wameingia vijijini. Makundi yenye hasira yaliwapiga na kuwaua watu wasio na hatia, baadhi yao wakiwa wapita njia tu. Julai mwaka huo WhatsApp ilianza kuzuia watumiaji wa India wasitume ujumbe mbele kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Januari 2019 kikomo hicho kikawekwa dunia nzima. Tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi unapelekwa kwenye mazungumzo moja tu kwa mara moja. Huo ndio wenye alama ya mishale miwili.

Mishale hiyo haimaanishi kwamba ujumbe ni wa uongo. Inakuambia kwamba umepita mikono mingi. Programu inaweza kupunguza kasi, lakini haijui kama bibi anayetajwa ameonewa. Hilo linabaki kwa mtu aliyeshika simu.

"Nimetuma tu kama nilivyopata"

Huu ndio utetezi tunaousikia zaidi, nasi wenyewe tumewahi kuutumia. Hautoshi. Jirani yako haamini ujumbe kwa sababu ya mwandishi asiyemjua. Anauamini kwa sababu umetoka kwako. Ukituma, umeuongezea jina lako, na kwa hiyo umekuwa shahidi. Amri ya nane inayokataza ushahidi wa uongo haimwachi nje anayerudia.

Sheria ya nchi nayo inalitazama jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, ilimwekea anayechapisha habari akijua ni za uongo, kwa nia mbaya, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Tufanye nini?

1. Tuulize chanzo. Nani ameona kwa macho yake? Kama hakuna, tusitume.
2. Tuulize lini na wapi. Kumpigia mwenyekiti wa kitongoji husika kunachukua dakika mbili.
3. Tuulize nani ataumia. Ujumbe unaomtaja mtu kuwa mchawi au mwizi usitumwe kabisa, hata kwa kuuliza. Kama mtu huyo yuko hatarini, tupige 112 kwa polisi na tuwajulishe viongozi wa kijiji.
4. Kama tumeshatuma uongo, tuufute kwa wote, kisha tuseme wazi katika kundi lilelile kwamba tulikosea. Kufuta kimyakimya hakutoshi, maana walioshausoma wanaendelea kuuamini.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, kwa sababu inatia aibu. Lakini aibu yetu inapita baada ya siku chache. Bibi aliyeitwa mchawi kwenye kundi la kijiji analala na hofu hiyo kila usiku, mpaka mmoja wa waliotuma ajitokeze kusema haikuwa kweli.