Kujua Kilicho Ndani ya Kidonge

Mwisho wa mwaka 2014, huko Ituri, kaskazini-mashariki ya Congo, watu walianza kuugua kwa namna ya ajabu. Shingo zilipinda, ndimi zilitoka nje, macho yaligeuka kutazama juu. Watoto wadogo walikuwa wengi kati yao. Kwanza waganga walidhani ni menenjiti. Kumbe sivyo! Katika mwaka 2015 hesabu ya wagonjwa ilipita 1000. Vidonge walivyokuwa wakimeza vilipimwa. Chupa iliandikwa diazepam, dawa ya kutuliza. Lakini ndani ya vidonge mlikuwa na haloperidol, dawa wanayopewa wenye ugonjwa wa akili.

Mtauliza: kitu kilichomo ndani ya kidonge hujulikanaje? Ukikisaga, waona unga tu. Na ndani ya unga ule mna vitu vingi vilivyochanganyika: dawa yenyewe, wanga wa kuishikamanisha, pengine na rangi.

Jaribuni kwanza jambo hili. Kateni ukanda wa karatasi inayonyonya wino. Karibu na ncha yake ya chini tieni nukta ya wino mweusi, ule unaofutika kwa maji. Chovyeni ncha ile majini, lakini nukta isiguse maji. Ngojeni. Maji yatapanda, nao wino utapanda pamoja nayo, na mara nyingi mtaona weusi ukigawanyika: hapa buluu, pale nyekundu au manjano. Rangi inayoshikwa sana na karatasi hubaki nyuma. Inayofuatana vema na maji hutangulia.

Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alifanya vivyo hivyo na maji ya majani kule Warszawa. Aliyapitisha katika bomba la kioo lenye unga wa chokaa, akapata mapete ya kijani na ya manjano. Mwaka 1906 aliita kazi hiyo kromatografia.

Siku hizi bomba ni la chuma, jembamba, limejaa chembe ndogo sana, na pampu husukuma maji ya dawa kwa nguvu nyingi. Kila kitu hutoka kwa saa yake. Lakini dawa nyingi hazina rangi, kinachotoka tutakitambuaje? Kwa kukipima uzito! Mashini ya pili hugeuza maji yale kuwa ukungu, huvitia vichembe umeme, kisha huvirusha mahali pasipo hewa. Kichembe chepesi na kizito havivutwi sawasawa, na kwa hiyo mashini husoma uzito wa kila kimoja. Tukihesabu atomu ya hidrojeni kuwa 1, kichembe cha diazepam ni karibu 284, na cha haloperidol karibu 375. Haviwezi kudanganya, hata kibandiko cha chupa kikisema namna gani.

Mbona basi tusitumie mizani hiyo peke yake? Kwa sababu vitu viwili mbalimbali huweza kuwa na uzito uleule. Bomba huvitenganisha kwanza, ndipo mizani ipime kimoja kimoja.