Jani la mistari kibanjani

Wapenda bustani wa Ulaya na Marekani wakiwa na kona yenye kivuli hukimbilia hosta, mmea wa Japani, Uchina na Korea wenye majani mapana ya kingo nyeupe au njano. Hapa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, haitashamiri. Kila mwaka hosta lazima ilale wiki kadhaa kwenye baridi kali ndipo ichipue vizuri, na huku, kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa ikweta, baridi hiyo hakuna. Kivuli ndicho tulichojaliwa: migomba juu, buni ya robusta katikati, maharage na magimbi chini. Robusta yenyewe ni mti wa msituni, haudai jua kali.

Anayetaka mistari mlangoni kwake atafute yule jamaa wa mkonge pori mwenye majani marefu yaliyosimama wima, kingo za njano. Asili yake Kongo. Mwaka 1904 wataalamu waliuita laurentii, kwa heshima ya Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea huko. Huvumilia kivuli na kiangazi, mradi usiuloweshe maji.

Una kituko kimoja. Kata jani lake vipande, uchomeke udongoni. Vitatoa mizizi, halafu machipukizi ya kijani kitupu! Mmea huu una seli za aina mbili zinazoishi pamoja: nyingine hutengeneza klorofili, nyingine zimepoteza uwezo huo. Chipukizi la kwenye kipande cha jani huanzia kwa zile za kijani pekee. Ukitaka njano ibaki, chimbua shina la chini ya ardhi uligawe pamoja na machipukizi yake.

Sehemu ya njano haijipikii chakula, hulishwa na ya kijani. Ndiyo maana chipukizi la kijani likitokea hukua upesi na kuwafunika wenzake; ling'oe mapema.

Kwenye mgomba, sahau urembo. Vistari vya njano vilivyokatikakatika, ambavyo baadaye hugeuka kahawia, huwa ni virusi vinavyoenezwa na vidung'ata na kwa kupanda machipukizi yenye ugonjwa. Jani zima likiwa njano na kulegea, kata shina kwa panga: ukiona utomvu wa njano, shuku mnyauko bakteria, ulioingia Kagera miaka ya 2000. Panga hilo lipitishe motoni kabla halijagusa mgomba mwingine.