Macho Huchoshwa na Kazi, Si na Mwanga

Katika maduka ya kuchapa na kutoa kopi ya miji midogo kama Nshamba, wilayani Muleba, anayewajazia wanafunzi maombi ya mikopo ya elimu ya juu huweza kushinda mbele ya kompyuta kutwa nzima. Macho yakianza kuchoma na kuona ukungu, wengi huulaumu mwanga wa skrini, wakatafuta miwani inayosifiwa kuzuia mwanga wa buluu. Naona fedha hiyo inapotea. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona dalili kwamba kwa muda mfupi miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Isitoshe, jua la mchana hutupatia mwanga wa buluu mwingi kupita skrini yoyote.

Kinachochosha ni kazi yenyewe. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikazia macho skrini, idadi hiyo hushuka hadi mara 5 au 7, na mara nyingi kope hazifumbi sawasawa. Machozi yanayolainisha jicho hukauka, ndipo mchomo unapoanza. Wakati huohuo, msuli mdogo unaoizunguka lenzi ya jicho hukazana ili tuone karibu, mithili ya mkono ulioshika ndoo ya maji bila kuitua. Nafuu basi ni kuutua mzigo: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, hata migomba ya ng'ambo ya barabara, huku ukipepesa kwa makusudi. Skrini ikae sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, na isiakisi mwanga wa mlangoni.

Mwenye duka atasema foleni ya wateja haingoji. Lakini sekunde 20 hupita mashine ikiwa bado inatoa karatasi, na macho makavu hukosea tarakimu ambazo mteja atarudi kuzilalamikia. Mwingine atasema amepumzika asipate nafuu. Huyo asipuuzwe, kwani huenda anahitaji miwani ya kusomea. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea hawakuona vizuri vitu vya karibu. Hakuna mapumziko yanayoweza kurekebisha hali hiyo. Ila asijinunulie dawa ya matone kwa kubahatisha, maana zenye steroidi zikitumiwa ovyo huweza kupandisha presha ya macho na kuharibu uoni moja kwa moja. Maumivu makali, wekundu usiokoma au kupungua ghafla kwa uoni ni mambo ya kuwahishwa hospitali yenye wataalamu wa macho. Mwajiri anayetaka kuwalinda wafanyakazi wake aanze kwa kuwaruhusu sekunde hizo 20, kisha zile fedha za miwani ya buluu azitumie kuwapima macho.