Gharama za Umeme wa Jua Nyumbani

Jua hutuangazia sote bila malipo. Hata hivyo, vifaa vya kubadili mwanga wake kuwa umeme hununuliwa kwa fedha. Katika somo hili tutajifunza kukadiria gharama hizo.

Vifaa vinavyohitajika

Paneli hupokea mwanga wa jua na kuubadili kuwa umeme. Betri huhifadhi umeme huo kwa matumizi ya usiku. Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji, ambacho huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Huhitajika pia nyaya, swichi na taa. Fundi naye hulipwa ujira wake.

Kukadiria mahitaji

Kabla ya kununua vifaa, yatupasa kujua umeme utakaotumika kwa siku. Tunazidisha wati za kila chombo kwa saa za kukitumia.

Taa 4 za wati 5, kwa saa 4: 4 × 5 × 4 = wati-saa 80
Redio 1 ya wati 10, kwa saa 4: 10 × 4 = wati-saa 40
Jumla: wati-saa 120

Tuseme jua huwa kali kwa saa 5 kila siku. Paneli itakayotosha ni ya wati 120 ÷ 5, yaani wati 24. Lakini sehemu ya umeme hupotea katika nyaya na betri, na siku za mawingu paneli hutoa umeme kidogo. Kwa hiyo ni afadhali kununua paneli kubwa zaidi, kama ya wati 40. Kila chombo kinachoongezwa huongeza gharama.

Gharama inayosahaulika

Paneli bora huweza kudumu miaka 20 au zaidi. Betri ya risasi na asidi huchakaa mapema, mara nyingi baada ya miaka michache tu. Tuseme betri ya shilingi 144,000 hudumu miaka 4, yaani miezi 48. Ikiwa bei haitapanda, akiba ya kila mwezi ni:

144,000 ÷ 48 = shilingi 3,000

Familia isiyoweka akiba hiyo hurudia kibatari, ingawa paneli iliyo juu ya paa ni nzima. Watoto husoma tena katika moshi.

Kumbuka: Betri iliyochakaa isitupwe ovyo wala kufunguliwa. Risasi ni sumu, na asidi huunguza.

Maswali

1. Kazi ya kidhibiti chaji ni nini?
2. Taa 3 za wati 4 huwaka kwa saa 5. Hutumia wati-saa ngapi?
3. Betri ya shilingi 90,000 hudumu miaka 3. Akiba ya kila mwezi iwe shilingi ngapi?
4. Kwa nini si sahihi kusema kuwa umeme wa jua ni wa bure?